Mimba ya Kirikuu

"Nilikupa mzima! Mzima, anatembea, anakula pumba mpaka analamba ndoo! Wewe umenirudishia nini?"

"Mama Editha, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize useme nini? Kwamba alijikwaa? Punda anajikwaa mpaka anatupa mimba?"

Abubakari alivuta pumzi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na tope la mtoni lilikuwa limeanza kukauka na kupasuka kwenye miguu yake. Nyuma yake alisimama mkewe Yusrah, kanga amejifunga kibwebwe, mikono kifuani. Na nyuma ya Yusrah, basi tena, kitongoji kizima. Wengine waliacha uji mezani. Doto mwenye duka alikuja na kibakuli cha kupimia sukari mkononi, duka ameliacha wazi, maana sukari ipo kila siku lakini ugomvi wa Teresia, huyo Mama Editha, na Abubakari ulikuwa haujawahi kutokea.

Punda mwenyewe, Kirikuu, alikuwa amelala ubavu chini ya kibanda cha nyasi, shingo ameinyoosha mavumbini. Alikuwa ametembea kutoka mtoni huku akiegemezwa na wanaume wawili, akafika uwanjani kwa Teresia, akaliona boma lake, akaanguka. Damu ilikuwa imeganda kwenye miguu ya nyuma. Mtoto wake aliachwa kule kule mtoni, kwenye mchanga.

"Umembebesha lumbesa," Teresia alisema.

Watu wakaguna. Kwa wakulima wa kijiji kile cha Ulaya neno lile lina uzito wake. Kila mmoja pale ameshawahi kuuziwa au kununuliwa mazao kwa gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa, likashonewa kamba juu kama kilemba, na kila mmoja anajua mtu wa lumbesa ni mtu wa namna gani.

"Lumbesa? Mimi?" Abubakari alijipiga kifua. "Magunia mawili, na hayakujaa! Nimetoka nayo bondeni taratibu, nimemwona anasuasua, nikapunguza. Nenda kayaone, yako pale pale mtoni."

"Mpunga wako huo umelowa, ndiyo unaokuuma. Punda wangu hakuumi."

"Mwulize vizuri," mtu mmoja alidakia kutoka nyuma, "huyu hata kiberiti alichokuazima juzi anakudai." Watu wakacheka kicheko cha pembeni. Abubakari hakuwa na watetezi wengi kijijini. Alikuwa mchapakazi, lakini mkono wake mgumu, na mtu mwenye mkono mgumu siku yake ikifika hapati wa kumshika.

Ndipo Yusrah akasogea mbele.

"Mimi nilikuuliza, Mama Editha. Mwezi wa nne, pale bombani. Nikakwambia, huyu punda mbona kiwele kinajaa? Nilikuuliza, sikukuuliza?"

Macho yote yakageuka. Teresia aliyahisi usoni kama joto la jiko. Alimtazama Yusrah, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye hajawahi kumpita bila kuinama kidogo na kusema shikamoo, na ndani ya kichwa chake aliliona bomba lile, ndoo zile, na asubuhi ile.

"Hukuniuliza," alisema.

"Wallahi nilikuuliza!"

"Usimwapie Mungu uongo mbele za watu, mwanangu. Hukuniuliza kitu."

 Yusrah alimtazama Teresia kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa nguo za mtu anayemfahamu. Kisha akageuka, akapenya katikati ya watu, akaondoka bila kuaga.

Deogratias, mwenyekiti wa kitongoji, aliinua mkono. Ni mtu wa sauti ndogo lakini alisikilizwa. "Tusibishane na mgonjwa amelala hapa. Tusubiri. Punda akiinuka, yameisha. Akifa, Abubakari atamtafutia Mama Editha punda mwingine, hata akiuza mpunga wa mwaka mzima. Nani anapinga?"

Hakupinga mtu. Abubakari aliitazama ardhi, akaokota kamba yake, akaenda.

*

Sasa, ili uelewe kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na mbili, anayesoma somo la kwanza kanisani Jumapili, adanganye mchana kweupe mbele ya jirani zake, ni lazima umjue Kirikuu alikuwa nani katika nyumba ile.

Mume wa Teresia, Boniface, alipigwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Upande wa kulia wote ukalala. Yeye ndiye aliyekuwa anabeba mahindi kwa baiskeli kutoka shambani, mwendo wa saa mbili, kule chini ya milima. Baiskeli ikaegemezwa ukutani, ikaota kutu. Binti yao Editha ameolewa Morogoro na ana mizigo yake. Basi Teresia akavuna peke yake, akabeba kwa kichwa: mahindi, kuni, maji. Mwaka mmoja tu. Mwisho wa mwaka ule shingo yake ilikuwa ikigeuka inalia kama bawaba ya mlango, na mkono wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi mpaka kikombe kinamponyoka.

Ndipo akaenda kwa Tabea, mama wa Kimasai mwenye boma kule mbugani, akampa mbuzi saba, akarudi na punda jike. Boniface alikuwa amekalishwa kibarazani. Alimtazama yule mnyama kwa muda, halafu akasema kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Kadogo, kanabeba kuliko umbo lake, na kakizima njiani hakuna fundi. Hiki ni kirikuu." Jina la vile vigari vidogo vya mizigo likashika kuliko la ubatizo.

Na siyo mizigo tu. Kirikuu alijaza nyumba. Kijiji kizima kilikuwa na punda wanne, na watatu ni wa watu wasioazima. Teresia aliazima. Hakutaka malipo, ulitakiwa umrudishe kabla jua halijazama, ameoga, na debe la pumba juu. Na ukishamrudisha huwezi kuondoka hivi hivi, utakaa, utakunywa chai ya tangawizi, utasema nani kaachika na nani kajenga. Boniface pale kibarazani akawa kama mfalme, habari zote zinamkuta alipo. Tangu kiharusi watu walikuwa wameanza kupita mbali, si kwa ubaya, ni ile tu kwamba mtu hajui aseme nini mbele ya mgonjwa. Punda akawarudisha.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa sita, Kirikuu alikata kamba akapotea siku mbili. Akapatikana kwa Tabea, na alama za meno ya dume shingoni. Teresia alicheka sana. Akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari wa kwanza kwenye nguzo ya ghala.

Hapo ndipo kosa lilipolala. Teresia ni binti wa mfugaji wa Kidete. Baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na moja, na yeye tangu ana miaka saba anajua ng'ombe anabeba miezi tisa kama mama zetu. Punda je? Hata hakujiuliza. Mnyama ni mnyama, ana miguu minne, ananyonyesha. Akahesabu tisa. Mwezi wa kumi na mbili akaacha kumpakia. Akarudi kubeba kwa kichwa, shingo ikarudi kulia, na waliokuja kuazima akawaambia, "Mniwie radhi, mgonjwa wangu ana mzigo wake." Walielewa Januari. Februari wakaanza kusema Mama Editha amekuwa mchoyo. Mstari wa tisa ukachorwa, Machi ikapita, Aprili ikaingia, hakuna kitu.

"Mama Editha," Doto alimwambia siku moja dukani, watu wamejaa, "hiyo mimba ya punda wako ni kama ahadi za kampeni. Kila siku inakuja."

Duka zima lilicheka mpaka mtu akashika ukuta. Teresia naye alicheka, maana ungefanyaje, lakini ilimchoma. Palepale akatangaza, "Hana mimba wala nini. Ni kitambi cha pumba. Kuanzia kesho anabeba."

Angeweza kumwuliza Tabea. Ni mwendo wa nusu saa. Lakini mwaka ule ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya watu, si ng'ombe wa Tabea, wa watu wengine kabisa, vijana wakapigana kwa fimbo na mapanga, na tangu hapo mwanamke wa kijijini akionekana anaelekea kwenye maboma ya Wamasai anasemwa. Teresia aliyependa kusema wengine hakupenda kusemwa. Hakwenda.

Na wiki ile ile, bombani, Yusrah akaweka ndoo chini na kuuliza kuhusu kiwele. Teresia akamjibu, akikumbuka kicheko cha dukani, "Mwanangu, mimi nimezaliwa zizini. Miezi tisa imepita. Hicho ni kiwele cha unene." Yusrah akasema haya mama, akajitwika maji yake.

*

Baada ya watu kutawanyika Teresia alishuka mtoni peke yake. Aliyakuta magunia mawili mchangani, yamelowa. Aliyashika. Yalifika nusu na kidogo, midomo imefungwa kwa kamba chini chini. Lumbesa gani. Mzigo ule hata watoto wawili wa darasa la saba wangeubeba kwa kusaidiana.

Hatua kumi mbele alimwona mtu amechuchumaa, shuka la bluu na nyekundu, shanga shingoni. Tabea. Habari kijijini hutembea haraka kuliko pikipiki.

"Nimesikia," Tabea alisema bila kuinuka. "Pole, Mama Editha."

Mbele yake alilala mtoto wa punda. Manyoya alikuwa nayo tayari, ya kijivu, yamejibandika kwa maji. Masikio marefu yamelala nyuma. Alikuwa kamili kila kitu, hakukosa hata kope. Ncha za kwato zilikuwa zimevikwa nyama laini nyeupe, kama vidole vya uyoga. Ndivyo wanavyozaliwa ili wasimchane mama tumboni. Tabea alizigusa kwa kidole.

"Alibakiza mwezi mmoja," alisema.

"Mwezi mmoja wa nini? Tisa ilishapita. Huu wa kumi na moja."

Tabea akainua uso. Alimtazama Teresia kwa muda, akaelewa, na Teresia akaona ameelewa.

"Punda si ng'ombe, Mama Editha. Punda anabeba mwaka. Mvua mpaka mvua. Kwetu hata binti mdogo anajua." Halafu kwa sauti ya chini zaidi, "Si ungekuja tu kuniuliza."

Teresia alikaa mchangani. Mto ulipita na taka zake. Alifikiri: hapa, sasa hivi, naweza kurudi niseme. Na papo hapo akafikiri shamba lake, mahindi yanayokauka kwenye mabua, wiki tatu tu yavunwe. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, debe moja kichwani. Shingo ile. Boniface pale kibarazani anasubiri kugeuzwa. Kama Kirikuu akifa na kosa ni la Abubakari, kutakuwa na punda mwingine. Kama kosa ni lake mwenyewe, hakuna. Hesabu hii hakuikosea.

"Usiseme kwa watu," alimwambia Tabea.

Tabea aliinuka, akakung'uta mchanga. Aliuliza tu, "Kondo la nyuma limetoka?"

Halikutoka.

*

Siku mbili walihangaika. Tabea alichemsha mizizi yake, akamnywesha Kirikuu kwa chupa ya soda. Walimgeuza ubavu huu, wakamgeuza ule, ili mwili usioze upande mmoja. Mbavuni alipumua kwa kushtuka shtuka. Bwana mifugo alikuwa upande wa pili wa kata akichanja kuku, lakini alipopigiwa simu alikuja jioni ile ile, matope mpaka kwenye kofia. Akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akafanya kazi kwa muda mrefu, akatoa alichoweza.

"Kuna kipande kimebaki ndani," alisema akinawa. "Nimemchoma sindano. Homa ndiyo itatuambia. Alipandwa lini?"

Watu kama sita walikuwa wamesimama pale.

"Sijui, baba," Teresia alisema. "Hawa wanyama wanajizururia."

Tabea aliinama kukusanya chupa zake. Boniface, kibarazani, aligeuza jicho lake zima akamtazama mkewe, kisha akaitazama nguzo ya ghala yenye mistari ya mkaa.  Usiku ule hakutaka kula.

Na mitaani ilikuwa moto. Unajua habari ikishapata mtu wa kumchukia hainyamazi. Magunia mawili yakawa manne. Wakasema Abubakari alimpiga punda kwa rungu. Wakasema alimwona kabisa anazaa akamwambia tembea. Wanawake waliingia kwa Teresia na sukari, na unga, na pole, uwanja haukukauka watu, na kila aliyeingia alikuwa na kipya cha kuongeza. Teresia aliwapa viti. Aliitikia "we acha tu" na "Mungu anaona." Siku nyingine zote angefurahi kuwa na nyumba imejaa vile. Siku ile ya pili aliwaona watoto wawili wa Yusrah wanapita njiani na sare za shule. Walimwona. Mkubwa akamshika mdogo mkono, wakatazama mbele, wakapita bila shikamoo. Hakuna mtu mzima anayekosa kulihisi hilo.

Jioni ya siku hiyo ikaja pikipiki. Kijana wa Mikumi, anaitwa Innocent, kapelo imegeuzwa nyuma, viatu vyeupe.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimesikia mna mgonjwa, nikasema nipite kiroho safi." Alichungulia bandani, akapiga mluzi mdogo. "Huyu haponi, mama yangu. Mimi nina watu wanachukua. Nyama hawaitaki, wanataka ngozi tu, inapelekwa nje. Ila anatakiwa aende akiwa anapumua. Akifa mwenyewe ngozi inashuka bei. Nusu saa tu gari inafika hapa, nyinyi mnabaki na kitu mkononi."

"Biashara hiyo si ilipigwa marufuku?" Teresia aliuliza.

"Mama, marufuku iko redioni. Hapa tupo wewe na mimi."

Teresia aliitazama pikipiki, akatazama banda. Sitadanganya, alipima kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kusimulia. Ndipo Boniface akaongea, neno moja moja, akiyavuta kama anatoa maji kisimani.

"Kijana. Mimi pia. Siponi. Ngozi yangu. Unanunua?"

Innocent alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akawasha pikipiki. Njiani akageuka. "Basi mtazika. Lakini zikeni chini sana, wazee. Wapo wanaofukua."

*

Kirikuu alikufa asubuhi ya siku ya tatu, Teresia akiwa amemshikia ndoo ya maji mdomoni. Hakupiga kelele. Alishusha pumzi moja ndefu, maji ndani ya ndoo yakatikisika, na hakuvuta nyingine.

Watu wakajaa. Wakasimama, wakasikitika, wakashika viuno. Kuchimba shimo la punda si mchezo, na wanaume wengi wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi bondeni. Wa kwanza kuja na jembe alikuwa Abubakari. Hakumsalimia mtu. Alichagua mahali nyuma ya ghala, akavua shati, akaanza. Ditram, jirani wa upande wa pili, akaona haya, akaleta koleo, akaingia naye. Walichimba saa mbili nzima. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, unashika jembe kama unalidai. Teresia alisimama karibu akaona mikono ya Abubakari inavyochubuka, na Abubakari mwenyewe hakuinua kichwa hata mara moja.

Wakamburuta Kirikuu kwa kamba, wakamshusha. Alilala chini pale na mstari wake mweusi mgongoni, ule unaokatwa na mwingine mabegani kama msalaba, walio nao punda wote.

Tabea alisogea ukingoni akatoa panga, akampa Teresia mpini.

"Kata ngozi."

"Nini?"

"Kata. Ikate vipande vipande, mgongoni na ubavuni. Kwetu wameshafukuliwa watatu. Ukiizika nzima, kesho utakuta shimo wazi na nyama imetupwa njiani, mbwa wanaivuta. Ikiwa imekatika hawana faida nayo. Mwenye punda ndiye akate."

Teresia aliteremka. Shimo lilikuwa linafika kifuani. Alisimama kati ya miguu ya mnyama aliyembebea maji miaka miwili, panga mkononi, asijue aanzie wapi.

Na juu, katika ukimya ule, mtu akashindwa kujizuia. Alikuwa Doto. "Mpeni panga Abubakari, mbona! Yeye si ameshazoea kuua!"

Wachache wakacheka. Abubakari alikuwa ameegemea jembe, jasho linamdondoka kidevuni.  Alijifuta uso kwa shati lake, basi.

Teresia akainua panga, akashusha. Ngozi ilikuwa nene, sauti yake ikawa kama gunia linachanika. Akakata tena, kwenye msalaba. Mara ya tatu mkono wa kushoto ukafa ganzi, panga likamponyoka, akapiga magoti akaanza kulipapasa kwenye damu nyeusi. Akiwa pale chini, hamwoni mtu, anaona miguu tu imepanga mstari ukingoni, akasema.

"Aliniuliza."

Hakuna aliyesikia vizuri. Akainuka, akashika ukingo wa shimo.

"Yusrah aliniuliza. Bombani. Nikamjibu vibaya. Nilijua amepandwa mwezi wa sita, nikahesabu kama ng'ombe, nikakosea. Mimi ndiye niliyempakia akiwa na mimba. Magunia ya Abubakari nimeyaona, yalikuwa nusu. Nilijua tangu siku ile ile."

Yaliyofuata kila msimulizi anasema lake. Wanakubaliana kwamba Doto aliondoka wa kwanza. Mwenyekiti Deogratias alikohoa, akasema hukumu imefutika, akatazama saa asiyokuwa nayo mkononi. Mmoja mmoja wakaenda. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyempa mkono atoke shimoni isipokuwa Tabea.

Ngozi iliyobaki alimalizia kuikata mwenyewe. Abubakari akafukia mpaka mwisho, akashindilia kwa miguu, akapanga miiba juu. Akaokota shati lake.

"Abubakari," Teresia alisema.

Akamtazama kidogo tu. "Maji ya kunawa, Mama Editha," alisema. Alipewa, akanawa, akaenda zake.

*

Adhuhuri ilikuta nyumba tupu. Viti vilikuwa uwanjani vile vile walivyoviacha wageni, viwili vimelala. Sufuria ya chai ilipoa bila mtu. Teresia alimlisha Boniface uji, na Boniface akaumeza wote, mara ya kwanza tangu juzi.

"Nenda," alisema.

"Kesho."

"Leo. Yeye. Hakuwepo. Shimoni."

Kweli, Yusrah hakuwepo. Alikuwa amekaa nyumbani siku tatu. Teresia alioga, akabadili kanga, akavuka njia. Ni hatua hamsini tu. Alizipita nyumba nne, na katika nyumba zote nne watu walikuwa barazani, na wote walikuwa wanatazama kitu kingine.

Yusrah alikuwa anasonga ugali jikoni, kwenye kibanda cha nje. Alimwona, hakuacha mwiko.

"Nimekuja," Teresia alisema.

"Nakuona."

"Nimesema mbele za watu. Sijui kama umeshasikia."

"Nimesikia. Watu kumi na mbili wameshakuja kuniambia. Jana hao hao walikuwa wanapita hapa wanatema mate." Aliugeuza ugali, akaupiga kwa mwiko. "Doto juzi kanirushia chumvi kama anarushia kuku. Mwanangu kaambiwa shuleni baba yako muua punda, kapigana, kang'oka jino. Si la utoto, Mama Editha. Ni la ukubwani, halioti tena."

 Teresia alisimama juani.

"Nilitaka iwe ya mtu mwingine," alisema baadaye. "Mahindi yako shambani. Nilijiona nabeba tena kwa kichwa. Nikaona bora iwe ya mtu mwingine yeyote."

"Yeyote. Ukatuchagua sisi."

"Nikawachagua nyinyi."

"Na sasa nani atabeba?"

"Nitabeba mimi."

"Kwa shingo hiyo?"

"Nitabeba kidogo kidogo. Yatakayooza yataoza."

Yusrah aliupakua ugali kwenye sinia, akaukandika pembeni kwa kijiko kilicholowa maji. Kazi hiyo aliifanya polepole, kuliko ilivyohitaji. Uso wake haukulainika. Kutoka ndani ya nyumba sauti ya Abubakari ikauliza, nzito ya mtu aliyekuwa amejilaza.

"Unaongea na nani?"

"Mama Editha."

"Amekaa?"

"Amesimama."

 Kitanda kililia. "Sasa mtu anasimama nje saa ya chakula?"

Yusrah akainua sinia, akaliweka begani, kwa mkono mwingine akachukua bakuli la mlenda. Akampita Teresia, akafika mlangoni, akasukuma pazia kwa kiwiko na kulishikilia hapo.

"Sina njaa, mwanangu," Teresia alisema.

"Sikukuuliza njaa. Ndoo ya kunawia iko hapo kushoto. Ingia ule."